Ukucha Uliogonga Pakavu

Hakuwa na mama. Mama alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita. Hakuwa na kaka wala dada wa kugawana naye kazi. Hakuwa na viatu vya mvua, hakuwa na meza ya kusomea, wala hakuwa na kioo cha kujitazama, maana vioo vyote vilivyopita nyumbani kwao vilikuwa vya watu. Hakuwa na mikono laini kama wasichana wengine wa darasa lake, ndiyo maana shuleni walimwita Msasa. Na tangu mwanzo wa muhula ule hakuwa na baba mzima. Kiharusi kilimpiga baba yake akiwa ameshika randa, kikamwachia mkono wa kulia unaoning'inia kama mkono wa koti lisilovaliwa.

Baba alikuwa fundi wa kutengeneza makabati ya nguo yaliyoharibika. Makabati mengi siku hizi hujengwa kwa ubao wa kiwandani, ule unaotokana na unga wa mbao ulioshindiliwa pamoja na gundi. Uso wake hung'aa, lakini ukingo wake, pale ulipokatwa, huwa uchi kama mkate uliokatwa. Ili kuufunika, fundi hubandika utepe mwembamba kwa gundi na pasi ya moto. Utepe ukibanduka, maji huingia. Maji yakiingia, ubao huvimba, na ubao uliovimba haushiki skrubu. Msasa aliyajua hayo yote kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Nyumba na karakana vilikuwa kitu kimoja. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala, na katikati palining'inia pazia. Kila asubuhi Msasa alichemsha maji, akamwosha baba uso, akamgeuza ubavu ili mgongo usipate vidonda, akafagia vumbi la mbao, kisha akakimbia shule. Alasiri alirudi akafanya kazi yoyote iliyokuwapo, naye baba akamwelekeza kutoka kitandani, kwa maneno yaliyotoka polepole upande mmoja wa mdomo. Lakini kazi zilikuwa chache: kiti kimoja, droo mbili. Watu walichungulia mlangoni, wakamwona msichana, wakasema watarudi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ametoa neno lake. "Kaka, nakupa hadi mwisho wa muhula. Kama hakuna kabati lililotoka hapa likiwa limetengenezwa, karakana tunaifunga. Wewe nitakuchukua kwangu. Mtoto ataenda kwa wajomba zake."

Msasa alihesabu wiki zilizobaki. Zilikuwa tatu.

Ijumaa moja mvua ikinyesha, mkokoteni ulisimama mlangoni ukiwa na kabati lililofunikwa turubai.

"Hodi hapa kwa fundi!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Nipo," baba aliitikia kutoka ndani. "Siku hizi siendi popote."

Mgeni alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru wadi nzima. Alifungua pazia bila kuomba ruhusa, akaunyanyua mkono wa baba uliokufa, akauminya kwa mazoea.

"Bado mzito, Fundi."

"Mzito kama mgeni asiyeaga."

Walicheka wote wawili. Kisha muuguzi akaeleza shida yake. Bomba lilikuwa limepasuka nyumbani kwake, na utepe wa kabati umebanduka upande wa chini. Kabati alikuwa akimpelekea binti yake, safari ya siku nzima kwa lori, naye mwenyewe angekaa huko mwezi mmoja. Lori lingeondoka kesho adhuhuri.

"Binti yangu ana mtoto wa mwaka na miezi," alisema, uso ukimlainika. "Ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushikashika vitu. Akiona kioo, hakuna wa kumzuia! Anakiegemea, anakibusu, anadhani kuna mwenzake ndani."

Mlango wa kabati lile ulikuwa kioo kitupu, kuanzia juu hadi chini.

"Tutalitazama kwanza," baba alisema. "Utepe ni kazi ya saa mbili. Unyevu ni kazi ya siku nne. Likiwa limelowa, litangoja safari ya wiki ijayo."

"Sawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usinifiche, Fundi."

"Sijawahi."

Muuguzi alipoondoka, Msasa alililaza kabati juu ya vigogo viwili, akatandika kitambaa juu ya utepe wa zamani, akapitisha pasi hadi gundi ikalegea, kisha akaubandua kwa kisu bapa. Alianzia juu ya ubavu, ule ubao wa upande unaobeba mlango. Huko ubao ulikuwa mkavu, rangi ya biskuti. Alipofika chini, karibu na bawaba ya mwisho ya mlango, kisu kilizama chenyewe. Ubao ulikuwa umevimba kama mkate uliodondokea kwenye chai.

Msasa alikichomoa kisu. Alijua dawa yake. Ni kuufungua ubavu ule, kuubana kati ya mbao mbili nzito, kuuweka penye upepo siku nne, na huenda mwishowe kukata sehemu mbovu na kuitupa. Lakini Jumapili shangazi angekuja kukagua, na akikuta kabati halijatoka, huenda asingengoja hata mwisho wa muhula. Na mama muuguzi akiambiwa angoje, je, asingetafuta fundi mwingine, mwenye mikono miwili?

"Umefika chini?" baba aliuliza.

"Nimefika, baba."

"Gonga nisikie."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Fundi yule hakupima unyevu kwa macho. Aligonga ukingo kwa ukucha wa kidole gumba na kusikiliza. Ubao mkavu hujibu *ko*. Ubao uliolowa hujibu *pu*, kama tikitimaji lililoiva. Mkono ulipokufa, alimfundisha binti yake kugonga, yeye akabaki na kusikiliza. Pazia lilikuwa wazi, lakini kutoka kitandani aliona mgongo wa Msasa tu.

Msasa aligonga juu. *Ko*.

"Shuka."

Msasa alisogeza miguu, viatu vikasugua sakafu. Mkono haukushuka. *Ko*.

"Chini kabisa sasa, penye bawaba ya mwisho."

Akainama, akakohoa kidogo, akagonga palepale pakavu. *Ko*.

Baba alishusha pumzi. "Bomba limemhurumia yule mama. Haya, endelea, mwanangu."

Msasa aliendelea. Alichukua kwanza rafu ya chini ya kabati, nayo ilikuwa imelowa vilevile, akaifanyia majaribio ya utepe mpya. Ulishika. Basi akausugua uvimbe wa ubavu kwa tupa hadi ukawa bapa, akapaka gundi, akabandika utepe, akaupiga pasi juu ya karatasi, akaukandamiza kwa kibao, akapunguza ncha na kumalizia kwa msasa laini. Skrubu nne za bawaba alizirudisha. Ziliingia kwa urahisi mno, bila kulalamika. Alilitambua hilo pia.

Kesho yake muuguzi alipitisha kidole ukingoni, hakukuta hata mkwaruzo. "Huu ni mkono wa baba kabisa!" alisema. Rafu aliiacha, kwa sababu binti yake alitaka nafasi ya viatu virefu. Dereva wa lori, ambaye mtaa mzima ulimwita Kesho kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali, alilipakia kabati pamoja na utingo wake. Kioo kikamulika karakana mara moja, kikaondoka.

Jumapili shangazi alikuta nafasi tupu pale kabati lilipokuwa, na habari zimeshamfikia njiani.

"Limetoka kweli?"

"Limetoka," baba alisema. "Mikono yangu imehamia kwa mwanangu."

Alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Msasa alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Siku tatu alijitahidi kufurahi. Shuleni jirani yake wa dawati, msichana asiyejua kunyamaza ambaye kila mtu alimwita Redio, alimtania.

"Msasa, unacheka peke yako. Umemeza ndege?"

"Kabati letu limesafiri mbali."

"Basi kabati limekushinda. Wewe hujawahi kufika hata mwisho wa barabara! Na usiniguse, utanichana sare."

Jumatano Redio alimsindikiza nyumbani kuazima daftari. Wakati Msasa akilitafuta, Redio alikaa juu ya meza ya kazi akining'iniza miguu, mikono yake ikichokora chochote kilichokuwa karibu.

"We, mbona huyu anavua nguo?"

Alikuwa ameshika rafu. Utepe mpya, ule uliobandikwa Ijumaa, ulikuwa umeachia na kujikunja. Msasa aliuvuta, ukatoka wote bila kukataa. Chini yake ubao ulikuwa mweusi, umeota ukungu, na ulitoa harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Alichukua skrubu, akaikaza humo hadi kichwa kikazama. Kisha akaishika kwa vidole viwili na kuivuta. Ilitoka kama jino la mtoto, pamoja na unga uliolowa.

"Sasa umeshtuka nini?" Redio aliuliza. "Si kipande tu cha ubao?"

"Nenda nyumbani, Redio."

"Na daftari?"

"Nenda!"

Redio alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaondoka bila neno.

Msasa alikiona kioo. Aliiona mikono midogo imekiegemea, na mdomo mdogo unakibusu. Aliziona skrubu nne za bawaba ya chini zikitoka moja baada ya nyingine, na uzito wote ukining'inia kwenye bawaba za juu hadi nazo zing'oke.

Aliibeba rafu hadi kando ya kitanda. Hakujua aanze na neno gani, kwa hiyo aligonga kwa ukucha.

*Pu*.

Baba alifumbua macho. "Kitu gani hicho?"

"Rafu ya kabati la mama muuguzi."

"Gonga tena."

*Pu*.

"Na ubavu?"

"Ubavu ulikuwa hivihivi, baba."

"Hapana. Nilisikia. Ulisema *ko*."

"Niligonga juu. Nilisogeza miguu tu."

Baba aliyaelekeza macho darini. Jicho lake la kulia lilikuwa halifumbi vizuri tangu kiharusi, na kila siku lilitiririsha maji, kwa hiyo Msasa hakuweza kujua kama analia au la. Angependelea kupigwa. Mvua ilianza tena juu ya bati, ikaendelea.

Mwishowe baba aliuliza, "Bawaba ya chini ina skrubu ngapi?"

"Nne."

"Ngapi ziko penye unyevu?"

"Zote."

"Lete simu."

Walimpigia muuguzi mara saba. Kila mara sauti ileile ya mwanamke ikawaambia kwamba namba hiyo haipatikani. Baba akamtuma Msasa kituo cha malori. Alirudi amelowa chapachapa, ameshamsimulia dereva habari ya kioo na mtoto. Lori lilirejea jana, na litaondoka tena kesho adhuhuri.

"Basi ubavu mpya uondoke nalo," baba alisema. "Ubao mkavu unaolingana unene umebaki mmoja tu humu ndani. Toa ubavu wa kabati la mama yako."

"Baba! Lile ni la mama."

"Najua ni la nani. Nililiunda mimi."

Hilo ndilo lilikuwa kabati pekee ambalo fundi yule alipata kuliunda tangu mwanzo. Lilisimama kichwani pa kitanda, na magauni manne ya marehemu yalikuwa bado yananing'inia ndani. Msasa aliyatoa, akayakunja, akayatia kwenye mfuko. Aliingiza kichwa ndani ya kabati tupu akitafuta harufu ya mama. Haikuwapo tena. Palikuwa na harufu ya gundi tu. Akachukua bisibisi akaanza kufungua.

Alhamisi hakwenda shule. Alimwinua baba, akamketisha kwenye kiti chenye mikono, akamfunga shuka kifuani asianguke. Baba alishikilia ncha ya ubao kwa mkono wa kushoto wakati Msasa akikata kwa msumeno. Walipima, wakatoboa matundu ya bawaba kufuatana na vipimo vya kabati vilivyokuwa kwenye daftari la kazi, wakabandika utepe kwa pasi. Hakuna aliyetania. Kazi ilipokwisha, baba alisema, "Gonga."

Msasa aliinua ukucha.

"Ngoja. Sogea kando, niuone mkono wako."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Alisogea. Aligonga juu, katikati, na chini kabisa, baba akiutazama mkono kila ulipokwenda. *Ko. Ko. Ko*.

"Sasa kalamu na karatasi."

"Si dereva atawaambia, baba?"

"Dereva atasema kilichotokea. Aliyekifanya atajisema mwenyewe."

Msasa alichana karatasi katikati ya daftari lake, akaandika, akasoma kwa sauti: "Mama, shikamoo. Kwa bahati mbaya, unyevu ulibaki ndani ya ubao wa—"

"Futa. Bahati mbaya haina ukucha."

Alichana karatasi nyingine. Safari hii aliandika muda mrefu, akifuta kamasi kwa kiwiko. Kisha akasoma:

"Mama, shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, mwondoe mtoto karibu na kioo, na dereva aung'oe mlango aulaze chini. Ubao ulikuwa umelowa. Mimi nilijua. Baba aliniambia nigonge chini, nikagonga juu ili asijue. Yeye hakukuficha, ni mimi. Nilitaka shangazi asifunge karakana. Tumeleta ubavu mkavu. Fundi yeyote wa huko anaweza kuufunga, matundu yako tayari. Usiondoe utepe, uko sawa, baba ameutazama kwa macho yake. Kama mtoto ameumia, sijui niandike nini."

Baba aliitikia kwa kichwa.

"Iache hivyohivyo."

"Baba, mama muuguzi akiwaambia watu, hatutapata kazi tena. Shangazi atafunga."

"Huenda akafunga."

"Mimi nitapelekwa kwa wajomba."

"Huenda ukapelekwa." Baba alimeza mate kwa shida, na Msasa akamfuta kidevu. "Nisikilize, mwanangu. Utepe ni nguo ya ubao. Nguo haimponyi mgonjwa. Inamfanya tu aonekane mzima mlangoni. Wewe ulimvalisha mgonjwa nguo nzuri, ukamtuma akae karibu na mtoto wa watu. Umekosa, na mimi nimekosa pia, maana nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima, halafu nikasikia nilichotaka kusikia. Lakini kosa langu halifuti lako. Mimi nimebaki na sikio tu. Mkono ni wako. Ukinidanganya, si kwamba fundi amedanganywa. Fundi hayupo kabisa. Fundi ni mimi na wewe tukisema kweli. Karakana ikifungwa kwa sababu ya barua hii, nitakwenda kwa shangazi yako nikiwa na jina langu. Ikiendelea kwa sababu ya ule utepe, nitakuwa nimelala humu ndani ya kabati lililooza."

"Utaniamini tena?"

"Leo, hapana," baba alisema. "Utagonga nikiona. Kesho utagonga nikiona. Siku nitakaposikiliza nimefumba macho, utajua."

Honi ililia nje. Kesho aliingia akijifuta mvua usoni, akaupima ubavu kwa macho.

"Ndiyo huu tu? Nilidhani kabati zima."

"Unaondoka leo?" Msasa aliuliza. "Leo kweli?"

"Mizigo ndiyo huwa naiambia kesho. Jana ulinisimulia kuna mtoto mbele ya kioo." Hakutabasamu. "Nikiendesha bila kulala, alfajiri niko mlangoni kwao. Mlango wa kabati ndio nitakaoung'oa kwanza, kabla hata ya salamu."

Bahasha haikuwapo. Msasa alilikunja jani la karatasi kwa jinsi walivyofundishwa shuleni, akaandika jina la mtaa na nyumba kama lilivyoandikwa kwenye daftari la kazi. Akachovya kijiti kwenye gundi ya utepe, akapaka ukingo wa karatasi mstari mmoja mwembamba. Pasi ilikuwa bado na moto. Aliitandika barua juu ya meza ambapo baba aliweza kuiona, akapitisha pasi polepole, mara moja tu, kisha akakandamiza kwa kibao na kuhesabu hadi ishirini. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, akajaribu kuufungua ukingo kwa ukucha. Haukufunguka.

Baba akamrudishia barua. Msasa alitoka mvuani bila viatu vya mvua, akampa dereva barua mkononi, na hakurudi ndani hadi lori lilipokata kona.